Lumeni 1,000 za dakika tatu: tochi ndogo ya matembezi ya usiku huchaguliwaje?

Tochi yangu ya kwanza ya kuchaji ilikuja kwenye boksi lililoandikwa "LUMENI 1,000" kwa tarakimu kubwa kuliko jina la tochi yenyewe. Niliiwasha sebuleni, ukuta mzima ukawa mweupe, nikaridhika. Jioni ileile nikatoka nayo kwa matembezi ya muda wa saa mbili, kupanda kilima na kushukia upande wa pili. Hata robo ya njia sikuwa nimefika nilipoanza kuyashuku macho yangu. Njia ilikuwa inafifia mbele yangu kidogo kidogo, kama mtu anayepunguza sauti ya redio, na tochi ilishapata moto kiasi kwamba nilikuwa naihamisha mkono huu na huu. Betri ilikuwa imejaa. Tochi haikuwa mbovu. Ilikuwa inafanya kile hasa ilichotengenezwa kufanya, ila mimi sikulielewa boksi.

Tangu siku hiyo swali ninaloulizwa zaidi ni hili: "Ninunue ya lumeni ngapi?" Nalielewa swali, maana maboksi yenyewe yanatufundisha kuuliza hivyo. Lakini kwa mtu anayetembea kwa miguu gizani, lumeni ndiyo namba inayosema machache kuliko zote. Anachohitaji ni mwanga wa wastani, uliotandazwa vizuri njiani, unaodumu mpaka arudi. Mambo hayo hayaandikwi kwa tarakimu kubwa, kwa hiyo inabidi tujue yamejificha wapi.

Maji, mpira na kidole gumba

Chukua mpira wa kumwagilia bustani. Kiasi cha maji yanayotoka ndani ya sekunde moja, hicho ndicho lumeni: jumla ya mwanga wote unaotoka kwenye tochi, bila kujali unaelekea wapi. Mshumaa mmoja hutoa lumeni 12 hivi. Balbu ya zamani ya wati 60, ile ya waya unaowaka mwekundu, ilitoa karibu 800 na kuangaza chumba kizima.

Sasa bana mdomo wa mpira kwa kidole gumba. Maji hayajaongezeka hata tone, lakini badala ya kumwagika miguuni yanaruka hadi kwenye ua wa mbali. Ukali huo wa maji kuelekea upande mmoja, kwa upande wa mwanga, huitwa kandela. Jina lenyewe limetoka kwenye neno la Kilatini la mshumaa, na mshumaa wa kawaida una ukali wa takriban kandela moja. Tochi mbili zinaweza kuwa na lumeni 300 sawasawa, moja ikawa na kandela 1,000 na nyingine 10,000. Ya kwanza inaangaza njia nzima pamoja na majani ya pande zote mbili. Ya pili inachoma tundu jeupe kwenye giza na kuacha kila kitu kingine cheusi.

Neno la tatu ni laksi: mwanga unaofika juu ya kitu unachokitazama. Lumeni moja ikitandazwa juu ya mita moja ya mraba, hiyo ni laksi moja. Laksi ndiyo macho yako yanayoitumia, kwa sababu huoni mwanga ukiwa hewani, unaona jiwe lililoangazwa. Na laksi hupungua haraka. Kitu kikienda mbali mara mbili, mwanga unaokifikia unabaki robo.

Ukishayashika hayo, ule "umbali wa mita 200" ulioandikwa kwenye boksi unaanza kueleweka. Mwaka 2009 Marekani ilitoa kanuni ya kupima tochi, inayojulikana kama ANSI FL 1, na watengenezaji wengi makini huifuata hadi leo. Kanuni hiyo inasema umbali wa tochi ni pale mwanga wake unapofikia robo ya laksi. Robo ya laksi ni kama mbalamwezi ya mwezi mpevu kwenye usiku usio na mawingu. Kwa hiyo tochi ya "mita 200" haikuonyeshi mtu aliye mita 200 na sura yake. Inamwangazia jinsi mwezi ungemwangazia, basi.

Hesabu yake ni nyepesi: tafuta kipeuo cha pili cha kandela, kisha zidisha kwa mbili. Kandela 2,500 ni mita 100. Kandela 10,000 ni mita 200. Umeongeza ukali mara nne ili kupata umbali mara mbili. Mimi hukata namba ya boksi kwa nusu kabla ya kuiamini, kwa sababu kwenye nusu ya umbali ule unapata laksi moja, na hapo ndipo umbo la kitu linaanza kusomeka.

Lakini mtembeaji anahitaji mita ngapi? Mwendo wa kawaida wa miguu ni kilomita 5 kwa saa, yaani chini kidogo ya mita moja na nusu kila sekunde. Ukiona mita 10 mbele, una sekunde saba za kuamua utaweka mguu wapi. Muda huo unatosha na kubaki. Tochi ya lumeni 100 inayotandaza mwanga kwenye duara la upana wa mita 5 pale mita 10 mbele yako, inaweka pale laksi 5 hivi. Hiyo ni mara 20 ya mbalamwezi ya mwezi mpevu, na tena inatoka kwenye kitu kinachotosha kiganjani.

Macho hayahesabu kama boksi

Kuna jambo moja ambalo likieleweka linaokoa fedha nyingi. Macho hayaoni mwanga mara mbili kuwa mkali mara mbili. Ili tochi ionekane imeongezeka ukali maradufu, mwanga wake lazima uongezeke kama mara nne. Kutoka lumeni 100 hadi 200, wengi wataona tofauti ndogo tu. Kutoka 100 hadi 1,000, mara kumi nzima ya mwanga, jicho litahisi kama mara tatu. Betri lakini haina huruma hiyo. Yenyewe inalipa mara kumi kamili, na zaidi.

Pili, macho yana giza lake. Yanahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea usiku sawasawa, na mwanga mkali wa sekunde chache unayarudisha nyuma. Unapowasha lumeni 1,000 kwenye kichochoro cha majani, majani yaliyo karibu yanakurudishia weupe machoni, mboni inajifunga, na kila kilicho nje ya duara kinageuka ukuta mweusi. Ukipunguza hadi 60, ukasubiri kidogo, ukuta ule unafunguka: unaona ukingo wa njia, shina la mti, hata mteremko unaokuja. Nimewaonyesha watu hili mara kadhaa na karibu kila mmoja alisema kitu kilekile, kwamba anaona zaidi sasa kuliko mwanzo.

Kwa uzoefu wangu, njia laini inatembeka kwa lumeni 30 hadi 60. Mawe na mizizi vinataka 100 au 150. Lumeni 300 na kuendelea ni za sekunde chache, unapotafuta kibao cha njia au unapotaka kujua kilichovunja kijiti kule vichakani. Na kuna kiwango ambacho wanunuzi hawakiulizii kabisa, nami nakithamini kuliko vyote: lumeni 1 hadi 5. Hicho ni cha kusoma ramani, kutafuta kitu kwenye begi, kufunga kamba za viatu, bila kuyapofusha macho yako wala ya mwenzako.

Kwa nini ile yangu ilififia

Turudi kilimani. Taa ya LED kwenye tochi ndogo iliyotengenezwa vizuri hutoa takriban lumeni 100 kwa kila wati ya umeme. Basi lumeni 1,000 zinataka wati 10, na sehemu kubwa ya wati hizo inaishia kuwa joto. Joto hilo liko ndani ya bomba la aluminiamu lenye ukubwa wa kidole. Halina pa kwenda isipokuwa mkononi mwako na hewani. Baada ya dakika chache saketi ya tochi inapunguza mwanga ili isijiunguze, na inafanya vyema.

Basi boksi linasemaje "lumeni 1,000, saa 3"? Kanuni ileile ya FL 1 inapima muda kuanzia sekunde 30 baada ya kuwasha, hadi mwanga unapoanguka na kubaki asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Hapo katikati hakuna sharti. Tochi inaweza kutoa 1,000 kwa dakika tatu, ikashuka hadi 250, ikajikokota hadi 100, na bado saa tatu zile zikahesabika kuwa za kweli. Mtengenezaji hajadanganya kwa mujibu wa kanuni. Msomaji wa boksi ndiye anayeondoka na picha isiyokuwepo, na hilo linaniudhi hadi leo, kwa sababu anayeumia ni yule aliyeko katikati ya njia.

Unaweza kuligundua kwa hesabu ya kichwani. Zidisha lumeni kwa saa, gawanya kwa 100, utapata nishati inayohitajika kwa wati-saa. Lumeni 1,000 kwa saa 3 ni wati-saa 30. Sasa angalia betri. Betri ya ukubwa wa AA ya kuchaji yenye 2,000 mAh (kipimo cha chaji; 1,000 ni sawa na ampea moja kwa saa moja) na volti 1.2 inabeba wati-saa 2.4, yaani ampea-saa 2 mara volti 1.2. Betri ya lithiamu aina ya 18650, iliyonenepa na ndefu kidogo, ikiwa na 3,500 mAh na volti 3.6, inabeba 12.6. Hakuna kati ya hizo inayokaribia 30. Lakini kwa lumeni 100, ambazo ni kama wati moja, AA inakupa saa mbili na kidogo, na 18650 inakupa saa 12. Kwa hiyo ruka mstari wa kwanza wa jedwali kwenye boksi. Soma mstari wa kati, ule wa lumeni 100 au 150. Hiyo ndiyo tochi utakayotembea nayo, ile nyingine ni ya dakika tatu tu.

Betri, na namba zinazotisha

18650 si siri. Ni milimita 18 kwa upana na 65 kwa urefu, na sifuri ya mwisho inasema ni ya mviringo kama bomba. 14500 inasomwa vivyo hivyo, 14 kwa 50, na hapo ndipo penye hatari: kwa umbo inalingana na AA, lakini ina volti 3.7 badala ya 1.5 au 1.2. Tochi iliyotengenezwa kwa AA pekee ikitiwa 14500 inaweza kuungua papo hapo. Iweke tu kama maelezo ya tochi yanataja wazi kuwa inakubali zote mbili.

Ukikuta 18650 iliyoandikwa 9,900 mAh, irudishe. Betri halisi za ukubwa huo kwa kawaida ni 3,500 hivi au chini ya hapo. Ipime mkononi ukipata nafasi: nzima ina uzito wa gramu 45 hadi 50, na nyingi za bandia ni nyepesi ajabu. Na betri ya lithiamu isiyo ndani ya tochi isiwekwe mfukoni pamoja na funguo au sarafu hata kwa dakika moja. Chuma kikiunganisha ncha zake mbili, inapata moto haraka sana, na inaweza kulipuka ukiwa umeivaa pajani.

Betri za alkali za dukani zina tatizo tofauti. Zinavuja. Ule unga mweupe unaoukuta ndani ya tochi iliyokaa droo mwaka mzima umetokana na maji makali ya ndani ya betri, nao unakula springi na nyuzi za kizibo. Tochi ya kukaa muda mrefu bila kutumika itie AA za lithiamu zisizochajiwa, ambazo huvumilia pia baridi kali kuliko alkali, au itoe betri kabisa.

Kuchaji kwa waya moja kwa moja kwenye tochi ni raha, na sina neno nako, ila chungulia kile kifuniko cha mpira cha tundu. Kikilegea, maji yana mlango.

Yanayosemwa sana

"Haiingii maji" ni maneno matupu hadi uone herufi IPX na namba yake. IPX4 inavumilia maji ya kurushwa, yaani mvua. IPX7 imezamishwa mita moja kwa dakika 30 ikatoka salama. IPX8 inapita hapo, kwa kina ambacho mtengenezaji anapaswa kukitaja. Herufi X inamaanisha tu kwamba kinga ya vumbi haikutajwa. Kwa matembezi 4 inatosha, lakini anayevuka vijito achukue 7.

Tochi ya kuvuta lenzi, ile inayobana na kutandaza mwanga ukiisukuma kichwa, inapendwa sana. Ukiivuta ili ibane, sehemu kubwa ya mwanga inabaki ndani ya kichwa cha tochi bila kutoka. Na kwa kuwa kichwa kinatembea, ni vigumu kukiziba dhidi ya maji na vumbi. Mimi nachagua iliyotulia, yenye duara laini lisilo na mpaka mkali kati ya katikati na pembeni.

Kuna wanaoamini mwanga wenye ubuluu unaonyesha zaidi. Unaonekana mkali zaidi ukutani, ni kweli. Njiani lakini, mzizi wa kahawia juu ya udongo wa kahawia unahitaji rangi zitofautiane, na mwanga baridi wa Kelvini 6,500 (Kelvini hupima rangi ya mwanga: namba ikipanda, ubuluu unaongezeka) wenye uaminifu mdogo wa rangi unavipaka vyote kijivu kimoja. Tafuta Kelvini 4,000 hadi 5,000, na kama boksi linataja CRI, ambacho ni kipimo cha uaminifu wa rangi kinachoishia 100, basi 90 na zaidi ni nzuri sana. Utapoteza lumeni kadhaa kwa ajili ya hilo. Zipoteze tu.

Vilevile husemwa kwamba mwanga wa njano unapenya ukungu. Matone ya ukungu ni makubwa mno ukilinganisha na mawimbi ya mwanga, kwa hiyo yanatawanya rangi zote karibu sawa. Kinachosaidia ndani ya ukungu ni kupunguza mwanga na kuushusha chini, mbali na macho.

Simu je? Kwa dakika kumi, inatosha. Taa yake ina lumeni kama 50, imetandazwa pana, haifiki mbali. Ila simu ndiyo utakayoitumia kuomba msaada, na sipendi kumwona mtu akiichoma betri yake kutafuta njia.

Mkononi na mfukoni

Tochi nzuri kwenye karatasi inaweza kuwa ya kero mkononi. Nenda ukaibonyeze. Je, inaanza na mwanga mdogo au inakurushia ule wa juu usoni? Inakumbuka kiwango ulichokiacha? Je, ili kurudi kwenye mwanga wa kati lazima upitie ule wa kumweka-mweka? Kama ndiyo, iache. Ukiwa na glavu au vidole vimekufa baridi, unaipata swichi bila kutazama? Kibanio kinashika ukingo wa mfuko au kinateleza?

Na swichi ya pembeni inawashwa kirahisi na mfuko wenyewe. Tochi yenye nguvu ikiwaka ndani ya mfuko inaweza kuunguza kitambaa, na hata isipounguza unaikuta haina chaji pale unapoihitaji. Tafuta yenye kufuli ya swichi. Tochi nyingi pia hukatika umeme ukilegeza kizibo cha mkia kwa robo ya mzunguko. Jaribu dukani.

Namna ya kuishika nayo inabadilisha unachokiona. Ukiiweka karibu na macho, kila kivuli kinajificha nyuma ya kitu chake na ardhi inaonekana bapa. Ishushe usawa wa nyonga, mkono ukiwa umenyooka. Jiwe la ukubwa wa yai linatupa kivuli kirefu kama kiganja, mzizi unachora mstari mweusi kuvuka njia, shimo linajaa giza upande mmoja. Mwanga ni uleule. Ukitaka kutafuta macho ya wanyama gizani, fanya kinyume: ipandishe kando ya jicho lako, kwa sababu macho yao yanarudisha mwanga kule kule ulikotoka.

Beba na ya pili, ndogo kabisa, ya kuning'inia kwenye funguo. Kubadilisha betri gizani bila mwanga mwingine ni kazi ngumu kuliko inavyosikika, hasa springi ikiruka kwenye nyasi.

Jioni ya kwanza baada ya kuinunua usiende nayo popote. Ichaji ijae, iwashe kwenye mwanga wa kati, iweke mezani ielekee dari, andika saa. Ipitie kila nusu saa, uiguse uone joto, mpaka mwanga uwe hafifu kiasi kwamba usingetembea nao. Kisha kata kipande kidogo cha plasta, andika saa ulizopata, ukibandike kwenye mwili wa tochi. Yangu ya sasa ina plasta iliyoandikwa "saa 7", ingawa boksi lilisema 9, na matembezi yangu nayapanga kwa plasta.